Mawe Hayachezi Ngoma

Pamba ilipita juu ya lile daraja msimu mzima, nalo kimya. Likaja kuvunjwa na harusi.

Usicheke, ndugu yangu. Waulize watu wa mto Luama.

Ni enzi za Wabelgiji, pamba ya lazima. Bwana wa serikali akamwamuru Octave, fundi wa kabila la Wamaza: "Funga daraja la kamba juu ya Luama. Pamba ifike mjini Kasongo."

Octave hakuwa mutu wa kukurupuka. Kwanza akafunga daraja dogo la mfano juu ya kijito nyuma ya nyumba, vijiti na kamba za msituni. Akalipakia mawe. Akalimwagia maji kwa nguvu. Likatulia tu.

"Dogo likibeba, kubwa litabeba," akajigamba. Nani angembishia?

Binti yake, Anastasie. Huyo alikuwa na mdomo, na baba alimpenda kwa mdomo huohuo. Alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto.

Akachuchumaa, akapiga vidole juu ya vijiti, ti-ti-ti, mdundo wa bibi arusi. Daraja likaruka, mawe yakamwagika majini. Kamba ikachomoka.

"Baba, na siku yangu je? Si mutanivusha na ngoma?"

Kwao bibi arusi hapelekwi kimya. Watu wote hucheza, wakikanyaga kwa pamoja kama mguu mmoja, mpaka mlangoni kwa mume.

"Toa mikono! Unaniharibia kazi! Hili iko daraja ya mizigo, hapana kiwanja ya ngoma!"

Masikini Octave. Mizigo alikuwa ameijaribu, watu hakuwajaribu.

Anastasie akaondoa mikono. Baba akadhani ameshinda, akafunga daraja kubwa, pamba ikapita msimu mzima.

Siku ya harusi ikafika. Vigelegele, shangazi mbele, ngoma nyuma. Octave alibaki ukingoni, akitabasamu peke yake.

Katikati ya mto daraja likaanza kupanda na kushuka. Watu wakaona raha, wakazidisha!

Anastasie peke yake alielewa. Octave aliuona mdomo wake ukifunguka: acheni, acheni! Sauti hakuisikia. Ngoma ziliimeza.

Kamba ikakatika. Wengine waling'ang'ania, wakavutwa ukingoni. Anastasie, Luama ilimchukua.

Mama weee!

Baada ya matanga Octave akashika panga, akaenda kijitoni kulikatakata lile daraja dogo lililomdanganya.

Akainua panga. Akasimama.

Ubavuni mwa daraja kulikuwa na kamba ambazo yeye hakuzifunga, zimevutwa huku na huku mpaka kwenye vigingi vya ukingoni. Fundo lake lilikuwa lile la vikapu vya Anastasie.

Akapiga vidole, ti-ti-ti. Akapiga viganja. Wapi! Halikutikisika.

Binti alikuwa amelitengeneza kimyakimya, akaogopa kumwonyesha baba asije akamuudhi tena.

Mkewe, Régina, alimkuta amepiga magoti majini, anapiga ngoma juu ya vijiti, akilia na kumwambia binti yake: "Iko muzuri, mama yangu. Iko muzuri sana."

Wewe unayejaribu kwa kidogo kabla ya kikubwa, unafanya vema. Ila anayekutikisia kazi yako usimfukuze. Muulize ameona nini, angali yupo wa kukujibu.