Pipa la Buluu la Mama

Harufu ya kimea kinachokauka juani haijifichi. Juzi nilipita nyuma ya nyumba moja hapa Ihumwa, mtama uliochipua umetandazwa juu ya turubai, nikasimama na viatu vyangu vya ofisini nikivuta pumzi. Mwenzangu wa kazini akaziba pua. "Mh, pombe hiyo," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni pombe, na ndiyo iliyonilea. Kama alitaka nione haya, alichelewa.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Msiba haujapoa, baba mdogo akaja na mkokoteni, akapakia mitungi yetu mitatu ya kupikia pombe. Alisema ni ya ukoo. Kwa mila hakuwa amekosea sana, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini alijua alichokuwa akifanya. Kwetu Ugogoni shamba kubwa halilimwi na mtu mmoja: unapika pombe, unaalika watu, wanalima tangu alfajiri, na jua likishakuwa kali wanakaa kunywa. Huna pombe, huna majembe. Mvua zetu nazo ni chache na hazimsubiri mjane. Shamba likilala msimu ule, baba mdogo angesema limemshinda mwanamke, alichukue yeye. Alishaanza kuyasema hayo kilabuni.

Mama alilia siku moja. Siku ya pili akaenda mjini, akarudi na pipa la plastiki la buluu lililokatwa mdomo, beseni pana na koki ya bomba. Majirani walicheka. Tangu lini pombe ikapikwa kwenye pipa la sabuni? Mama akalisugua kwa majivu na maji moto siku tatu.

Tulilitoboa beseni kwa msumari uliotiwa moto, tundu moja baada ya jingine, moshi wa plastiki ukitutoa machozi. Tukaligeuza kifudifudi ndani ya pipa ili lizuie machicha, na chini yake, ubavuni mwa pipa, tukatia koki. Ikavuja. Mama akakata kipande cha tyubu ya baiskeli ya marehemu, akaivisha koki shingoni, ikanyamaza. Nilijiona fundi mkubwa kuliko mafundi wote wa reli.

Kiburi hicho kilinitokea puani. Nilitumwa mashineni kusaga kimea, nikaambiwa kisagwe chengachenga. Mimi, mtoto niliyefundishwa kwamba unga mzuri ni unga laini, nikamwomba mwenye mashine asage mara mbili. Mama alikuwa ameshaalika watu waje kulima Jumamosi. Jumatano alichanganya kimea na uji wa moto ndani ya pipa, akaacha mpaka ukawa mtamu, akafungua koki. Yakatoka matone matatu, basi. Unga wangu ulikuwa umeziba kila tundu.

Baba mdogo akachagua saa hiyo hiyo kupita. Sikumwamkia. Mama akanifinya, nikatoa shikamoo nikiitazama ardhi.

"Shemeji," akasema, akilizunguka pipa, "Jumamosi watu watakunywa nini?"

"Watakunywa pombe. Na wewe karibu, shemeji. Uje na jembe."

Alipoondoka nilikiri kosa langu, nikangoja kofi. Mama akakunja kanga tu. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lete makapi." Tukachota uji wote kwa kata, tukafunika beseni kwa makapi ya mtama yaliyooshwa, unene wa kiganja, tukaurudisha polepole. Koki ilipofunguliwa, ukatoka mchirizi mwembamba wa rangi ya udongo, haukukatika. Nilipiga kigelegele peke yangu. Tukaiacha ichachuke mpaka Jumamosi.

Watu walikuja, hata waliocheka. Baba mdogo naye akaja na jembe, kiu imemshinda, akalima matuta mawili ya aibu. Wakati wa kunywa, mama alionja kwanza, kisha kibuyu cha kwanza kabisa akampelekea yeye, amepiga magoti, mbele ya watu wote. "Karibu kwenye shamba langu, shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika. Baba mdogo akapokea, akanywa, akasema ahsante.

Nilikasirika nusura nilipige teke lile pipa. Tumeungua vidole, tumelia moshi, halafu mwizi wa mitungi ndiye anapigiwa magoti! Nilimnunia mama mpaka Jumatatu, naye hakujisumbua kunieleza.

Nilielewa nikiwa mtu mzima, mji ulipotufikia na wapima viwanja wakaja na kamba zao. Baba mdogo alikwenda kwenye baraza la ardhi kudai shamba. Mama hakuwa na karatasi. Alisimama, akawaonyesha wazee waliolima siku ile, kisha akamgeukia yeye.

"Shemeji, ulipokunywa kibuyu cha kwanza, nani alikukaribisha, na kwenye shamba la nani?"

Wagogo wote mle ndani walijua kwamba ukishapokea kibuyu cha mwenye shamba, umekiri kwamba shamba ni lake. Baba mdogo alichukua kofia yake, akatoka.

Mama akakaa. Magoti yalikuwa yakimsumbua siku hizo, lakini alikaa kwa utulivu, kama mtu aliye kwake.