Kilo za Mchawi Anayeruka

"Nionyesheni mtu yeyote akipanda ngazi, nitawatajia kilo zake. Nikikosea kilo moja, bia ya kwaya nzima ni juu yangu."

Ekkehard Tschirner aliyasema hayo kantini, kwenye sherehe ya kufungua msimu, na kwaya nzima ikisikia. Kwaya yetu ina watu thelathini na wawili, na wanakunywa kana kwamba wameajiriwa kwa kazi hiyo. Mpaka leo hajawanunulia hata chupa moja.

Kazi yake ni kurusha watu. Kila Desemba jumba letu la opera hucheza hadithi ya mchawi aliyeiba kengele za mji ili Krismasi isifike. Wazazi na mabibi hujaza viti, na katika sehemu ya pili mchawi huruka juu ya vichwa vya watoto wa safu za mbele. Anayemrusha ni Ekkehard, kando ya jukwaa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Upande mmoja wa kamba yuko mchawi, upande wa pili vyuma vya kilo tano tano. Vikilingana, mkono mmoja unatosha. Visipolingana, mchawi anabaki chini kama gunia la viazi, au anafyatuka kama kizibo cha shampeni.

Mwaka huu tuliletewa mkuu mpya wa ufundi, Bwana Krahl, mwenye kompyuta mbili na subira ya nusu mtu. Yeye alitaka mchawi aruke kwa picha inayomulikwa ukutani na mashine. Akatangaza kwamba jaribio la Jumanne likikwama hata kidogo, kamba zinateremshwa, na Ekkehard anahamia mlangoni kupokea makoti.

Mchawi mpya alikuwa Annegret Vollbrecht, mwanamke mwenye sauti ya kutikisa vioo. Kwenye fomu aliandika kilo sitini na nane. Ekkehard alimwona akipanda ngazi siku ya kwanza, akaisoma fomu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Uwongo wenyewe haukuwa shida. Shida ni sheria ya jukwaani: kila chuma kinachopakiwa hutajwa kwa sauti, na mtu wa pili huitikia, pasije pakatokea kosa. Kwa fomu, pamoja na gauni, vyuma vilikuwa kumi na vinne. Kwa jicho la Ekkehard, kumi na saba. Na kwaya yote ilikuwa imesimama pale, watu ambao wakikokotoa kilo za mwenzao hawahitaji karatasi.

Jumanne Annegret alisimama katikati ya jukwaa, amefungwa mikanda, uso umempauka. Ekkehard akaanza kutaja, mimi msaidizi wake nikiitikia. Alipofika kumi na nne akamgeukia fundi cherehani wetu, Mama Liebscher, akamuuliza kama gauni hili amelishona kwa uzi au kwa zege.

"Lina kilo kumi na saba, mama. Nimelipima asubuhi. Mtu wa watu unamvika ukuta."

Gauni lina kilo nne. Mama Liebscher, mwenye miaka thelathini ya ufundi na ulimi wa wembe, alifungua mdomo kujitetea, akamtazama Annegret, akaufunga. Akasema ni shanga, atazipunguza.

Bwana Krahl akataka gauni lipimwe tena. Ekkehard akamjibu taratibu kwamba kulivua na kulivaa ni dakika arobaini, na okestra inaenda mapumziko saa tano kamili, hata jengo likiwaka moto. Krahl akatazama saa, akarudi kukaa.

"Kumi na tano," akataja Ekkehard. Kisha kumi na sita. Kisha kumi na saba.

Tukaenda kukagua mikanda. Annegret akamnong'oneza, "Mzee, ni themanini na mbili."

"Themanini na moja na nusu. Ulijipima na viatu."

Akacheka, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa angani. Alipita juu ya viti vitupu bila kuyumba, akashika nota yake ya juu kabisa hukohuko, akatua kama unyoya. Ekkehard alimshusha kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na kikombe cha kahawa, maana naye maringo anayo. Alhamisi mashine ya picha ya Krahl ilirudishwa kwenye kasha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mchawi alipopita juu yao, watoto wote wa safu za mbele waliinua mikono wamguse.

Mkitaka kumwona, tiketi ya mtoto ni yuro tisa.