Tulijaza maganda ya mchele kwa ukuta ndio nipate chumba changu

Wakuu, poleni na baridi. Mimi husoma nyuzi zenu kimya kimya, hata kubonyeza like huwa naogopa. Leo nimejikaza. Haya nimeyatoa kwa diary yangu na sijaongeza chumvi. Nimepunguza tu mahali nililia.

Sisi tuko upande wa Karurumo. Niko Form Three, na tangu niwe mdogo nimelala kitanda kimoja na Cucu, mamake Baba.

Nampenda sana. Lakini usingizini anarusha mateke kama mtu anafukuza mbuzi, na akiamka kuomba anataja ukoo mzima kwa sauti.

Sasa Baba amejenga nyumba mpya ya mbao, na mimi nikapewa chumba cha kona. Changu peke yangu.

Shida ni kwamba hiyo kona ndiyo inapigwa na upepo wa mlimani. Ukuta ulikuwa mbao safu moja, nyufa zinaonyesha shamba.

Baba akasema ikifika Julai ataacha chupa ya mafuta ya kupika humo ndani usiku kucha. Yakiganda, chumba kinakuwa stoo ya mahindi na mimi narudi kwa Cucu.

Nikamfuata akikamua. Nikamnong'onezea kitu nilikuwa nimesoma: tupige safu ya pili ya mbao kwa nje, halafu katikati tujaze maganda ya mchele. Tulikuwa nayo magunia, yanatoka Mwea, tunatandikia kuku.

"Sema kwa sauti," Baba akasema, "ng'ombe pia asikie."

Lakini akakubali.

Fundi Njiru akapigilia mbao za nje, sisi tukimwaga maganda kutoka juu. Akamaliza na varnish, nyumba ikang'aa kama kabati ya sebuleni. Nilienda nyuma ya choo nikacheza densi peke yangu.

Kesho yake kuku wote walikuwa kwa ukuta wangu.

Wakuu, hatukuwa tumeyapepeta. Yalikuwa na chenga za mchele. Kuku walichakura hapo chini mpaka wakapata mwanya, na maganda yakaanza kumwagika nje.

Mama Wanja, jirani yetu, akasimama kwa njia. "Kumbe mlikuwa mnajengea kuku hoteli?"

"Na mimi ndiye nilipiga varnish ya hoteli," Fundi akamjibu.

Nilitamani kuingia katikati ya hizo mbao nijifiche.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaleta uteo. Tukatoa maganda yote, tukapepeta, tukachanganya na jivu wadudu wasiingie. Fundi akaziba chini kwa waya wa matundu madogo na ubao juu yake, ndio tukajaza tena. Kuku walikuja kukagua, wakaondoka wamekasirika.

Asubuhi ya mtihani wa chupa kulikuwa na ukungu, ukiongea unatoa moshi. Mafuta ya jikoni yalikuwa yameganda, meupe kabisa.

Ya chumbani Baba aliinamisha chupa pole pole, akiniangalia mimi badala ya chupa.

Yakateremka.

Nilizunguka nyumba mbio nikipiga kelele, mbele ya Mama Wanja, mimi huyu ambaye hujibu "present" kwa kunong'ona.

Kurudi ndani, nikapata Cucu kwa kitanda changu. Viatu ameshavua, blanketi lake liko magotini, anapapasa ukuta.

"Huku kuna joto," akasema. "Wewe utalala upande wa ukuta, usije ukaanguka."

Baba akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe anamngoja.

Nilicheka hadi tumbo likauma. Cucu naye akacheka, hajui ni kwa nini.

Nilichojifunza: pepeta maganda, ziba chini kabla ya kumwaga juu, na ukitaka kulala peke yako hakikisha vyumba vingine pia vina joto. Tumeanza kukusanya maganda ya chumba cha Cucu.

Wenye nyumba za mbao pande za baridi, nyinyi hujaza nini kwa ukuta? Niambieni, ila msinitanie sana, bado naogopa.