Daftari la Waliobatizwa Mtoni

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda na ndoo. Nilikuwa msafishaji wa ofisi za chuo pale Selly Oak, huku Uingereza, na nilipoambiwa Dokta Wanjala ananiita, nilidhani kuna chai imemwagika. Dokta ni Mkenya, mwanahistoria wa makanisa ya Kiprotestanti, mtu wa kusema polepole. Akanivutia kiti.

"Weka ndoo chini, mama. Nasikia unalikumbuka kanisa lenu la Kivu mtu kwa mtu."

"Mimi nimeishia darasa la tano, Dokta."

"Hao waliosoma hawakuwa pale."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Daftari la ubatizo la kanisa letu, yaani kitabu cha majina ya wote waliozamishwa majini, liliungua wakati wa vita. Dokta alitaka liandikwe upya kutoka vichwani mwa watu. Ninyi vijana mngeuliza tu, "Nani walibatizwa?" Hapo utapata majina matano na machozi. Sisi tulibatizwa mtoni kwa msululu, tumeshikana mikono maji yasituchukue. Kwa hiyo nilikuwa nauliza: mkono wa kulia alikushika nani? Wa kushoto je? Mtu husahau mwaka, lakini yule aliyemshika ndani ya maji baridi hamsahau. Jina moja linavuta lingine. Kisha unahakiki, ndiyo kusema unatafuta shahidi wa pili ambaye hajaongea na wa kwanza. Usipompata, jina linabaki kwa penseli.

Nilifanya hivyo miaka tisa, kwa basi na kwa treni, jikoni kwa watu, sombe ya majani ya mihogo inachemka, watoto wananijibu kwa Kiingereza.

Msululu wangu mimi ulikuwa na watu ishirini na mmoja. Niliandika ishirini. Niliyemwacha ni Elifasi Kabemba, na jina lake nalitaja. Alikuwa katibu wa kanisa. Watu wenye bunduki walipokuja tulikimbilia kwenye mahindi. Elifasi akasimama nao mlangoni mwa kanisa na lile daftari, akasoma majina kama siku ya meza ya Bwana. Watu walitoka kwa sababu waliijua sauti yake. Mume wangu Yakobo alitoka, na hakurudi. Jina langu lilifuata, miguu ilikataa. Leo Elifasi ni mzee wa kanisa letu hapa Stechford. Anavaa tai na kugawa vitabu vya nyimbo. Tena alinishtaki kwa wazee wenzake kwamba nimemsahau kwenye orodha!

Dokta aliliona pengo mara moja.

"Mama Nabintu wa msululu wenu anasema wa kushoto kwake alikuwa Elifasi. Wewe umeandika nani?"

"Sikuandika mtu."

"Kwa hiyo Mama Nabintu alishika hewa?"

Nikawaka. "Ule mutu aliniulia bwana!"

"Hayo pia yaandike. Lakini wewe ni shahidi mmoja. Nenda ukahakiki."

Nilimchukia Dokta njia nzima. Mimi na Mama Nabintu hatukuwahi kuongea habari za siku ile. Kila mmoja aliibeba kivyake. Sikumwambia langu. Nilimuuliza tu, "Ile siku ulisikia nini?"

Akaacha kumenya vitunguu. "Elifasi anasoma. Alianza na mchungaji, kisha Yakobo wako, kisha weye."

Nilirudi nikaandika kwa wino: Elifasi Kabemba, wa kumi na nane katika msululu, katibu, ndiye aliyesoma majina mlangoni. Mashahidi wawili.

Mchungaji Zakaria wa hapa Stechford, ambaye ndiye aliyempa Elifasi uzee wa kanisa, akaniita ofisini.

"Dada, kitabu cha kanisa ni cha kujenga. Huyu baba alishatubu."

"Alitubu kwa nani, Mchungaji? Mimi niko mitaa miwili kutoka kwake. Hajapiga hodi."

"Wewe ulijua lini yaliyo moyoni mwake, hata uikatae kazi ya Mungu?"

"Na wewe ulijua lini alichofanya mlangoni, ukanyamaza?"

Akanifungulia mlango nitoke. Naye nimemtaja.

Jumapili iliyofuata Elifasi alinisubiri nje, kofia mkononi.

"Mama Furaha, uniondoe tu. Iwe kama sikubatizwa."

"Wewe si ulilalamika nimekuacha?"

"Nakuomba. Watoto wangu watakisoma."

"Ulibatizwa, Papa Elifasi. Nabintu alikushika mkono. Siwezi kumwambia alishika hewa."

Kanisa lilikataa kukizindua kitabu. Dokta akakiweka kwenye maktaba ya chuo, nami nikachukua nakala za kugawa, moja kwa kila familia ya msululu. Sasa macho yangu yamechoka. Daktari wa Edgbaston amesema niache kusoma mwandiko wa mkono, basi nimestaafu. Atakayeshika kazi hii baada yangu, namwambia: yule unayemchukia ndiye wa kuhakikiwa mara mbili, na ukishahakiki, usimfute hata akulilie.

Nakala ya mwisho niliipeleka mwenyewe kwa Elifasi. Binti yake ndiye aliyefungua mlango, nikampa.

Watu wananiuliza kama nimesamehe. Hiyo ni kazi nyingine, sijaianza. Hii nimeimaliza.