Mama hajawahi kuvuka mpaka, lakini taifodi yake ilitoka Karachi

Wakuu, wakubwa shikamooni, tulio sawa habari za humu.

Haya yametokea nyumbani kwetu Raskazone, Tanga, na mgonjwa alikuwa mama yangu mzazi. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mama alipoanza homa, walimpima duka la dawa wakasema taifodi. Sikuamini. Huku kwetu ukienda na homa, mafua au mawazo tu, unatoka na taifodi. Kile kipimo cha haraka hakiaminiki sana, na hilo bado nalisimamia.

Ila homa haikushuka.

Tukampeleka hospitali, akalazwa, akawa anachomwa sindano kali kila siku. Homa ikazidi. Akaanza kuongea peke yake, anamwita marehemu baba.

Ndugu wakasema ni jicho la mtu. Mimi nikamuuliza daktari: kama dawa ni sahihi na dozi ni sahihi, mbona haifanyi kazi? Nikaomba damu ioteshwe maabara, mdudu aonekane na ajaribiwe dawa. Daktari hakukasirika. Akaagiza damu ichukuliwe, kisha akauliza kama mgonjwa amesafiri nje ya nchi.

Tukajibu hapana. Ni kweli. Mbali kwa mama ni Pangani.

Wakati tunasubiri majibu, swali lile likanikera. Sawa, yeye hajasafiri. Nani amekuja?

Shangazi.

Huyu ni dada yake baba. Alikuwa amempeleka mumewe Karachi kwa upasuaji, na waliporudi wakafikia kwetu. Shangazi hawezi kukaa kama mgeni. Chatne ya nazi anaikuna na kuisaga mwenyewe, na chatne haipikwi. Sote tuliila, lakini mama huila kwa kijiko, kama uji.

Nikamfuata, nikamuuliza kama aliugua huko. Akacheka. Akasimulia kama kisa cha ushujaa: homa ilimlaza karibu afe, sindano zote zikamgomea, mpaka walipombadilishia vidonge vya azithromycin.

Nikakimbilia kwa daktari. Alibadilisha dawa siku ileile, na majibu ya maabara yalipotoka yakamuunga mkono: mdudu yule alikuwa haisikii kabisa sindano ya kwanza. Taratibu, mama akapoa.

Mnadhani yameisha?

Harusi ya binti wa shangazi ilikuwa karibu, na jiko lote lilikuwa mikononi mwa shangazi mwenyewe. Daktari akatueleza kwamba mtu anaweza kupona kabisa na bado akambeba mdudu, akawa anamtoa chooni bila kujua. Akataka shangazi apimwe choo.

Shangazi akawaka. "Mimi natawadha mara tano kwa siku, leo mtoto wa kaka yangu ananiita mchafu?"

Nikamwaga sayansi yote niliyonayo. Hakunisikia.

Mama alikuwa ametoka hospitali, bado anaegemea mto. Akasema polepole, "Wifi, mara ya kwanza hukujua, na hilo nimekusamehe. Ukikuna nazi ya harusi bila kupima, hiyo utakuwa umekusudia."

Kesho yake shangazi alifika maabara kabla hawajafungua. Akakutwa naye mdudu, akaanza dawa.

Siku ya harusi aliketi kwenye kiti nje ya mlango wa jiko, mikono mapajani, akiwakaripia wakunaji: "Mnaikuna nazi au mnaibembeleza?" Watu wakala wakashiba, hakuna aliyeugua.

Nilichojifunza: ukiulizwa hospitali kama umesafiri, wataje na waliokuja kwako. Kama uliugua ugenini, sema, si aibu. Chanjo ya taifodi ipo, iulizie kabla ya safari. Na tuache kununua antibiotiki kwa kukisia, maana ndivyo tunavyowafundisha hawa wadudu kuzizoea.

Sasa nyie wenye ndugu wa kwenda na kurudi Muscat, Karachi, Mumbai: kwenu aliyerudi na ugonjwa bila kujua, nani humwambia, na humwambiaje undugu ukabaki?