Mwalimu hajanawa

Leo nimechapwa mkono kazini na mtoto wa miaka mitatu, na bado natabasamu.

Neema, wazazi wake Wakongo, ana wiki tatu kwenye chekechea yetu hapa Sparkbrook, Uingereza. Alikuwa hajawahi kusema neno. Sijamlazimisha. Kila siku naketi naye kwenye jiko la kuchezea, nasubiri.

Leo akanipakulia ugali wa udongo wa kuchezea. Nikanyoosha mkono.

Pa.

"Haujanawa mikono."

Chekeni tu. Neno lake la kwanza, na ni la kunigombeza.

Akachukua birika tupu, akanimiminia maji yasiyokuwepo. Nikanawa mpaka kwenye kucha.

Meneja wetu, Mwingereza, alikuwa amesimama mlangoni. Neema akamgeukia na birika lake.

Meneja hajui Kiswahili hata kidogo.

Akakunja mikono ya shati, akapiga magoti.