Maman wa Majivuni

Mimi ni mpiga picha za arusi. Nalisema mapema, maana tangu ile picha itundikwe kuna watu wanaonisimamisha pale Bagira, mtaani kwetu Bukavu, na kuniuliza ndege fulani anaitwaje, nyoka fulani ana sumu au hana. Sijui. Ninaowajua mimi ni bibi arusi, mama yake bibi arusi, na yule shangazi anayefumba macho kila mwanga unapowaka. Hao niulizeni usiku na mchana. Lakini picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani haina shela wala suti, na nitaisimulia kwa majivuno yote niliyo nayo, kwa kuwa nimeyatolea jasho.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliolewa kwenye kijiji kimoja mlimani, juu ya mji mdogo uitwao Miti. Analima kabichi na lengalenga, yaani mchicha, kandokando ya kijito, na kijito hicho kinatoka kwenye msitu wa kijiji, kipande cha mlima ambacho kwa juu kimeshikana na msitu mkubwa. Kiangazi kile mtu mmoja alikuwa anachoma majani shambani kwake, upepo ukageuka, moto ukapanda. Mianzi ililipuka kwa mshindo mpaka watu wa kando ya barabara wakadhani vita vimefika, wakaanza kufunga magodoro. Moto ulipochoka, mlima ulibaki mweusi kama chungu cha maharagwe.

Majivu hayajapoa vizuri, wanaume wakaanza kupima. Kila mmoja alifunga kitambara kwenye kisiki kuonyesha kwamba kuanzia hapa ni pangu. Mkutano ukaitwa. Chef, mkuu wa kijiji, akasema msitu umekufa, kwa hiyo miti iliyobaki ikatwe, ichomwe makala, yaani makaa, na ardhi igawanywe iwe mashamba. Yaya wangu alisimama akasema msitu haujafa. Wakamcheka. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba ukikatwa, kijito kitakauka na wote watakunywa vumbi. Chef si mtu mbaya. Alimwambia:

«Maman, tuonyeshe kitu moja tu yenye kuishi mule ndani. Siku ya Mungu, kiisha misa, unaileta hapa. Kama hauna, siku ya kwanza, kesho yake, tunaanza kukata.»

Jioni ile ile akanipigia simu. Hakunisalimia hata.

«Mudogo wangu, kuya na ile apareyi yako.»

«Kuko arusi gani?»

«Hakuna arusi. Kuya.»

Nilikwenda nimenuna. Arusi ya Ijumaa ile nilimwachia mshindani wangu, mtu anayekata watu vichwa kwenye picha, na bado naumia nikifikiria alivyompiga picha bibi arusi yule. Kulipopambazuka yaya alinitazama kuanzia juu mpaka chini, macho yakakwama kwenye viatu vyangu.

«Na ile viatu ya misa unapanda nayo kule?»

«Njo viatu niko nayo.»

«Basi utarudi na miguu tu.»

Tukapanda. Sijawahi kuona mahali palipokufa namna ile. Majivu yalikuwa laini kama unga wa muhogo uliotandazwa juani, kila hatua ikitoa moshi mdogo. Miti imesimama myeusi bila tawi, na harufu ilikuwa ya jikoni ambako chakula kimeungua zamani. Yaya alikuwa hajapanda tangu moto, na nilimwona akigusa mashina kwa kiganja kama anayepima homa. Moyoni nilijiambia: wale wanaume wana haki, hapa hakuna kitu, nimeacha arusi bure. Nakiri nilimwonea huruma yaya wangu, na huruma hiyo ilinikasirisha.

Kisha tukasikia ko-ko-ko. Juu ya gogo lililoungua alikuwapo gogota, kichwa chekundu, anagonga gome na kutoa wadudu kana kwamba hajapewa habari ya moto. Nikampiga picha. Mbele kidogo, ndege mdogo wa kijani kinachong'aa, yaya alimwita chozi, alitua kwenye kijiti cheusi, rangi yake ikapendeza kuliko kitenge chochote cha dukani. Nikampiga naye. Chini, vichipukizi vya mikangaga vilikuwa vimejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, vikitoka majivuni, na mjusi akiota jua katikati yake; naye nikampiga. Nikaanza kutamba.

«Tumeshinda, yaya! Twende tukakunywe chai.»

Aliangalia kile kioo kidogo cha apareyi, kamera yangu, akatikisa kichwa.

«Ndege? Batakuambia ndege iko na mabawa, ilikuwa inapita tu.»

«Na huyu mjusi je?»

«Mujusi hata mu choo yetu iko. Ninataka kitu yenye kukaa. Kitu yenye kusema hapa njo kwangu.»

Alikuwa na haki, na mimi sipendi mtu akiwa na haki kabla sijala. Tukaendelea kupanda. Kiatu kimoja kikaachia soli. Yaya akacheka peke yake mbele yangu, na nilifurahi kumsikia akicheka.

Ni yeye aliyeziona nyayo. Kwenye majivu kulikuwa na alama ndogo, mbili mbili, kama mtu amebonyeza bugali kwa ncha za vidole. Zilishuka kuelekea korongo ambalo moto uliliruka kwa sababu ya maji. Tukazifuata mbio, na hilo lilikuwa kosa. Kitu chekundu kikaruka mbele yetu, majivu yakatimka, basi. Nikabonyeza nilivyoweza. Kwenye kioo tukaona ukungu, na ndani ya ukungu kipande cha mkia.

«Piga tena,» yaya akasema.

«Nipige nini? Imeenda!»

Alikaa chini kwenye majivu, na kitenge chake kilichokuwa safi. Ndipo nilipoona hasa kilichokuwa kinamwuma. Si kijito peke yake. Watu walimcheka mbele ya watoto wake, na siku ya Mungu wangemcheka tena, na kuanzia hapo asingesimama kwenye mkutano wowote.

Nikakasirika vizuri sasa, ile hasira yenye faida. Nikajiuliza: kwani kazi yangu ni nini? Bibi arusi ukimfukuza na apareyi atajificha, atatoa mgongo, atakupa picha ya shela tu. Mpiga picha mwenye akili hamfukuzi. Anatafuta mlango ambao lazima bibi arusi apitie, anakaa hapo, ananyamaza, anangoja. Na kwenye mlima ule ulioungua, mlango ulikuwa mmoja: maji.

Tukashuka polepole mpaka kwenye chemchemi, tukalala nyuma ya gogo lililoanguka, upepo ukitupiga usoni. Siafu walinipata mguu ule usio na soli. Yaya alishika rozari yake bila kutoa sauti, shanga zikipita vidoleni. Jua likapanda. Nilizima mlio wa apareyi, ile «kacha!» inayopendwa na wateja wangu kwa kuwa inawaonyesha kwamba kazi inafanyika. Tukangoja mpaka njaa ikaacha kuuma.

Akatoka. Paa mdogo wa milimani, mwekundu kama udongo wetu, paji la uso jeusi. Alitembea juu ya majivu kama anayeingia sebuleni kwake. Nilimweka katikati ya kioo, lakini kichwa alikuwa amekiinamisha kwenye mikangaga mibichi, na sikuelewa anakula nini muda wote ule. Kumbe hali. Analamba. Chini ya shingo yake kulikuwa na kitoto kinyevunyevu bado, miguu minne inabishana kila mmoja unataka kwenda kwake.

Nilisahau niko wapi. Mkono wangu ulikuwa umezoea, na mdomo wangu pia. Kwa sauti ya chini, ileile ninayotumia na mama wa bibi arusi mbele ya kanisa, nikasema:

«Maman, huku kidogo.»

Na maman akainua kichwa! Akatazama moja kwa moja kwenye apareyi, masikio wima, na kitoto kikageuka naye kama kimeambiwa. Nikabonyeza. Yaya aliniuma begani ili asipige kelele, alama ya meno ilikaa kitambo. Paa hakukimbia. Alitutazama, akapiga mguu chini kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni, akamsukuma mtoto wake kwa pua, wakaingia kwenye majani. Sisi wawili tulikumbatiana pale chini, weusi kwa masizi, tukilia na kucheka bila kujua kipi kitangulie. Tulishuka tukiimba. Kwenye njia watu walituuliza kama tumetoka kuchoma makala.

Jumamosi nilipeleka picha mjini ikachapwe kubwa, ile saizi ya kutundika sebuleni. Kijana wa studio ananijua. Anajua kwamba mimi huleta arusi na vizazi, kwa hiyo hakuuliza. Niliporudi, nikamkuta paa wangu na mtoto wake ndani ya fremu ya maua ya waridi yaliyochapwa, na chini yake, kwa maandishi ya dhahabu: Félicitations, yaani hongera. Kama vile nimepeleka picha ya mama aliyetoka kujifungua maternité! Nilitaka kumrukia. Lakini umeme ulikuwa umekatika, na siku ya Mungu haingoji umeme. Nikaikunja picha hivyohivyo, na waridi zake.

Misa ikaisha, watu wakakusanyika kwenye kiwanja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mapanga yalikuwa yamekwisha kunolewa, simzushii mtu, niliyaona. Yaya alinisukuma mbele. Nikaifungua picha, nikaiinua juu kwa mikono miwili, kifua kimejaa, na nikatamka neno baya kuliko yote niliyoweza kuchagua:

«Muone! Nyama iko!»

Kwa Kiswahili chetu, nyama ni ile inayotembea porini, na nyama ni ile iliyo kwenye sufuria. Mimi nilisema ya kwanza. Wanaume walisikia ya pili. Wakanyanyuka wote pamoja.

«Kumbe ingali mule! Fasi gani?»

«Iko na mafuta?»

«Nikamate imbwa yangu sasa hivi!»

Nikaishusha picha haraka, nikaificha kifuani. Nilikuwa nimemuua yule maman kwa mdomo wangu mwenyewe, na msitu wa yaya pamoja naye. Nilijaribu kusema kwamba sikumaanisha hivyo, hakuna aliyenisikia. Tayari walikuwa wanabishana mguu wa nyuma utakuwa wa nani.

Yaya hakubishana. Alininyang'anya picha, akavuka kiwanja, akaipeleka upande wa wanawake. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, aliinamia akasoma yale maandishi ya dhahabu polepole kwa sauti. Félicitations. Akamtazama paa. Akamtazama mtoto. Akashika mdomo.

«Eh! Bamaman! Hii haiko nyama. Hii iko muzazi!»

Vigelegele vilivyopigwa pale, nimevisikia kwenye arusi chache sana. Kwetu mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana heshima zake. Anakaa ndani. Anaogeshwa maji ya moto, anapikiwa uji, na mwanaume mwenye kelele anaambiwa apite mbali. Unakwenda kumwona na zawadi mkononi, hauendi na panga. Hata ugomvi wa shamba unangoja mzazi atoke. Bibi mmoja alivuka kiwanja mpaka kwa yule mwenye mbwa, akamsimamia.

«Weye, ulizaliwa mu jiwe? Unaingia kwa muzazi na imbwa?»

Yule mtu akakaa. Wanaume wengine wakaanza kuangalia viatu vyao. Picha ikapelekwa kwa chef. Aliishika mbali, kisha karibu, akapitisha kidole kwenye waridi za kijana wa studio, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

«Basi,» akasema. «Maman alisema ataleta kitu moja, ameleta mbili. Na mimi nani nifukuze muzazi mu nyumba yake? Mapanga irudi. Hakuna mutu anaingia kule mupaka muzazi atoke.»

«Na nani atasema ametoka?» mmoja akauliza kutoka nyuma.

«Banamuke. Njo bao banajua mambo ya muzazi.»

Yaya wangu alisimama katikati ya kiwanja, na hakuna aliyemcheka. Watoto wake walimshika kitenge pande zote. Mimi nilikuwa nimevaa makanda, zile ndala za kuogea, kwa kuwa viatu vya misa vilibaki mlimani, na sijawahi kujiona nimependeza namna ile.

Vitambara vilifunguliwa kwenye visiki na waliovifunga. Mvua ilikuja, mikangaga ikafika kiunoni, mianzi ikachomoza. Kijito kinapita, kabichi za yaya mnazila hukohuko Bukavu bila kujua. Picha iko sebuleni kwa chef, na waridi zake, na kijana wa studio nimemsamehe, ingawa sijamwambia.

Sasa misimu imepita. Yule mtoto wa paa bila shaka ameota pembe na ana wake zake. Lakini kila mkutano, lazima mwanaume mmoja asimame, akohoe, na kuuliza kwa adabu kama muzazi ametoka. Wanawake wanageuka kumtazama yaya wangu. Naye anajifunga kitenge vizuri kwanza, bila haraka.

«Bado,» anajibu. «Angali anaoga maji ya moto.»